Shangazi wa Seva: Faili lipo, kompyuta inasema halipo

Mwezi huu barua mbili zimepotea njia tena. Moja inauliza mume asiyepokea simu afanyweje, nyingine inataka dua ya kumrudisha mchumba aliyekwenda Dubai. Wanangu, hayo yana shangazi yake, ukurasa wa nyuma. Mimi ni shangazi wa upande huu: seva, kanzidata na vitu vinavyogoma saa nane za usiku. Nilianza Tanga kama karani wa kuingiza data katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na sikupata mtu wa kunifundisha, ndiyo maana nawajibu kwa urefu.

Zilizobaki karibu zote zinahusu jambo moja: kuunganisha mashine ya Linux na kanzidata kwa ODBC, yaani mpango wa pamoja unaoziwezesha programu kuongea na kanzidata za aina mbalimbali. Neno moja kabla sijaanza. Vitabu vinasema "kiendeshi", mafundi wanasema "draiva". Nitasema draiva.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika Morogoro, na fundi wa kompyuta pia kwa kuwa hakuna mwingine. Hesabu zetu zimo kwenye SQL Server, katika kompyuta ya Windows iliyo chumba cha pili. Nimeletewa mashine ya Ubuntu 22.04 nitolee ripoti kwa Python. Kila nikijaribu kuunganisha napata: "[01000][unixODBC][Driver Manager]Can't open lib '/usr/local/lib/libtdsodbc.so' : file not found". Faili lipo! Nikiandika ls naliona kwa macho yangu, na nimelipatia ruhusa zote. Nililitoa kwa flashi kwenye mashine yetu ya zamani ya Ubuntu 14.04 ili kuokoa bando. Hii wiki ya pili nimekwama. — Mhasibu Fundi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Swali na jibu umevitia katika bahasha moja. Jibu limo kwenye sentensi ya flashi, lakini nikikwambia hilo tu utarudi mwezi ujao na kosa jingine, kwa hiyo vuta kiti.

Python yako haijui kuongea na SQL Server. Fikiria posa. Kijana haendi mwenyewe kwa baba wa binti, anatuma mshenga anayezijua desturi za nyumba ile. Draiva ndiyo mshenga. Yako inaitwa FreeTDS kwa sababu lugha ya SQL Server huitwa TDS, nayo ndiyo inayoisema. Ila kijana hata mshenga hamchagui yeye. Yuko mzee wa ukoo anayejua mshenga gani anakwenda nyumba gani, na mzee huyo kwenye mashine yako ni unixODBC, meneja wa draiva. Mzee ana madaftari mawili. Katika /etc/odbcinst.ini ameandika washenga wake na mahali wanapokaa. Katika /etc/odbc.ini ameandika nyumba zenyewe: seva gani, poti gani, kanzidata gani, na mshenga yupi wa kutumwa. Mpango huu wa ODBC Microsoft waliutoa mwaka 1992 kwa ajili ya Windows, kisha watu wa Unix wakajitengenezea wazee wao wenyewe, unixODBC na mwenzake iODBC.

Sasa kosa lako. Mzee amesoma daftari, ameona mshenga anakaa /usr/local/lib/libtdsodbc.so, ameenda kumwita. Kwa kumwita hutumia maktaba ndogo iitwayo libltdl, na maktaba hii ina tabia mbaya: ikishindwa kulipakia faili kwa sababu yoyote ile, hukwambia "file not found". Faili likiwa limeharibika, itasema hivyo. Likiwa la aina nyingine ya kompyuta, hivyo hivyo. Likiwepo lenyewe ila linategemea faili jingine ambalo halipo, maneno ni yale yale, na njia inayokuandikia ni ya faili lililopo. Ndiyo maana umeliangalia kwa ls wiki mbili.

Andika hivi:

ldd /usr/local/lib/libtdsodbc.so

Utapata orodha ya maktaba ambazo draiva inazihitaji, kila moja na mahali ilipopatikana. Tafuta mstari wenye "not found". Kwa faili lililotoka 14.04 natarajia uone huu:

libgnutls.so.26 => not found

Ubuntu 14.04 ilikuwa na libgnutls.so.26. Yako ya 22.04 ina libgnutls.so.30. Umemchukua mshenga bila miwani yake, na dukani kwako miwani ya namba ile haiuzwi tena. Nakuomba usifanye ule ujanja wa kuliita faili la 30 kwa jina la 26 kupitia kiungo. Nimeuona ukifanywa. Siku ya kwanza hutulia, siku ya tatu programu inakufa katikati ya ripoti na hakuna anayekumbuka kilichofanyika.

Lifute faili hilo, kisha:

sudo apt install unixodbc tdsodbc freetds-bin

Ni vifurushi vidogo, bando lako halitahisi. Ukimaliza fungua /etc/odbcinst.ini, maana mstari wako wa zamani bado unaelekeza kwa marehemu. Sehemu ya FreeTDS isomeke:

[FreeTDS]
Driver = /usr/lib/x86_64-linux-gnu/odbc/libtdsodbc.so

Na katika /etc/odbc.ini:

[Hesabu]
Driver = FreeTDS
Server = 192.168.1.20
Port = 1433
Database = Ushirika
TDS_Version = 7.4

Namba ya seva na jina la kanzidata weka vya kwenu. Jina lililo mbele ya Driver lifanane na lile la mabano katika odbcinst.ini. Mtego mwingine wa FreeTDS ni huu: "Server" inataka anwani ya mashine, "Servername" inataka jina lililoandikwa katika freetds.conf. Ukiandika Servername halafu ukaweka anwani, utazunguka hadi magharibi.

Usirudi kwenye Python bado. Jaribu kipande kwa kipande, kuanzia mbali kuja karibu. Kwanza, je, mlango wa seva uko wazi?

nc -vz 192.168.1.20 1433

Ukikataliwa hapa, draiva haina kosa lolote, na hutaitibu seva kwa kuhariri odbc.ini. Nenda chumba cha pili. Kama ni SQL Server ya bure, ile ya Express, mara nyingi TCP/IP imezimwa tangu siku ya kusakinishwa na huwashwa kwenye SQL Server Configuration Manager. Hapo hapo angalia na poti, kwani Express hupenda kujichagulia poti yake badala ya 1433. Ukuta wa moto wa Windows nao uutazame.

Mlango ukiwa wazi, ongea na seva kwa FreeTDS peke yake, bila mzee:

tsql -H 192.168.1.20 -p 1433 -U ripoti

Itakuuliza nenosiri. Ukiona "1>" umeingia, andika exit utoke. Mwisho ndiyo mnyororo mzima:

isql -v Hesabu ripoti nenosiri

Hiyo -v usiisahau, bila yake isql ikishindwa inakwambia tu imeshindwa. Ukiona kisanduku chenye "Connected!", Python nayo itapita. Kama isql imepita na Python bado inagoma, niandikie tena, na safari hiyo barua itakuwa ya Python.

Kwa wengine wenye maneno hayo hayo ya "file not found" ambao hamkutumia flashi: iteni amri ya file juu ya draiva yenu mwone kama ni ya biti 32 ilhali mashine ni ya 64, au ni ya x86-64 ilhali mashine ni Raspberry Pi yenye ARM. Na mnaotumia Alpine, ile Linux ndogo, ndani ya kontena, jueni Alpine hutumia maktaba ya msingi iitwayo musl badala ya glibc ya Linux nyingi. Draiva iliyotengenezewa Debian haitapakiwa hapo hata uisomee yasini. Tafuteni iliyotengenezewa Alpine au badilisheni kontena.

*Shangazi, habari za kazi. Nilikuwa natumia draiva ya Microsoft yenyewe, msodbcsql17, kila kitu shwari. Nimepandisha hadi 18 na sasa inalalamika "certificate verify failed". Sijabadilisha kitu kingine chochote! — Aliyesasisha, Nairobi*

Njema mwanangu, na nakuamini. Toleo la 18, lililotoka 2022, limebadilisha desturi. Zamani usimbaji fiche ulikuwa hiari, sasa ni lazima usipoukataa mwenyewe, na draiva inadai cheti cha seva kiwe kimetolewa na mtu inayemwamini. Seva yenu imejitengenezea cheti chake, kwa hiyo haipokelewi. Ongeza TrustServerCertificate=yes kwenye maelezo ya muunganisho na utaingia. Mawasiliano yataendelea kufichwa, ila hutakuwa na hakika kwamba unayeongea naye ndiye. Ndani ya ofisi moja mimi huvumilia. Kama data inapita nje ya jengo, mwambieni msimamizi wa seva atafute cheti cha kweli.

*Shikamoo Shangazi. Zahanati yetu ina PostgreSQL na nimeandika hati ndogo ya kutuma takwimu kila siku saa tano usiku. Nikiiendesha mwenyewe kwenye terminali inafanya kazi. Cron ikiiendesha kwa ratiba napata "[IM002] Data source name not found". Halafu inaanza alfajiri badala ya usiku. Nimeandika 0 5 kwenye ratiba yake, crontab ya root (msimamizi mkuu wa mashine). — Mlinzi wa Takwimu, Kigoma*

Marahaba. Hilo la pili limenichekesha kwa sababu na mimi liliwahi kunipata. Cron haijui saa zetu. Inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 5 yake ni saa kumi na moja alfajiri. Saa tano usiku ni 23. Andika 0 23.

La kwanza: kosa la IM002 maana yake mzee amefungua daftari na hakuiona nyumba uliyoitaja. Daftari lipi? Ndilo swali. Andika:

odbcinst -j

Utaona mistari kadhaa, ukiwemo "USER DATA SOURCES" wenye kitu kama /home/wewe/.odbc.ini. Sasa andika sudo odbcinst -j. Mstari ule ule umekuwa /root/.odbc.ini. Kila mwenye akaunti ana daftari lake la siri nyumbani kwake, na la pamoja ni /etc/odbc.ini. Wewe umeandika zahanati katika daftari lako. Cron inakwenda kwa jina la root, inafungua la root, ni tupu. Hamishia maelezo kwenye /etc/odbc.ini, au kama hupendi, andika juu kabisa ya crontab mstari wa ODBCINI= pamoja na njia ya faili unalotaka lisomwe. Mimi ningehamisha.

Ila ukihamisha, nenosiri lisiende nalo. /etc/odbc.ini husomwa na kila mtu mwenye akaunti kwenye mashine, na hizo ni takwimu za wagonjwa. Liweke katika faili pembeni ambalo hati yako inalisoma, na ulifunge kwa chmod 600. Na kwa nini root, mwanangu? Tengeneza akaunti ya takwimu peke yake, isiyo na madaraka mengine, na cron iende kwa jina hilo. Kisha jaribu ukiwa umevaa vazi lake:

sudo -u takwimu isql -v Zahanati jina nenosiri

Ufunguo wa kosa la aina hii niliwahi kuukosa usiku mbili mfululizo. Ilikuwa pale pale ofisi ya mizigo. Nilikuwa nimeandika /etc/odbc.ini vizuri, nimeisoma kwa sauti, nimemwita mlinzi wa geti anisomee yeye labda macho yangu yamechoka. Isql inasema jina halipo. Nikaweka jina jingine, halipo. Usiku wa pili, saa tisa hivi, nikaacha kubishana na kompyuta nikaiuliza inafungua nini hasa:

strace isql -v Mizigo 2>&1 | grep odbc

Mistari ikamwagika, na mmoja ukasema inafungua /usr/local/etc/odbc.ini. Usr local! Aliyekuwa na kiti kile kabla yangu alisakinisha unixODBC kwa mkono kutoka msimbo, na ukiijenga hivyo bila kuelekeza vingine, inajiweka /usr/local na madaftari yake yanakuwa /usr/local/etc. Mimi nikaja nikasakinisha nyingine ya kifurushi, inayosoma /etc. Nyumba moja ina wazee wawili, na isql iliyokuwa ikiitika kwanza ilikuwa ya yule wa zamani. Nilifuta ile ya mkono kukicha, nikanunua vitumbua vya mlinzi. Tangu hapo kwenye mashine yoyote ngeni amri yangu ya kwanza ni which -a isql, ya pili odbcinst -j.

Ndugu yangu wa Iringa uliyeuliza kwa nini isql inapita lakini ukurasa wa PHP kwenye Rocky Linux haupiti, jibu lako ni jirani na hili. Kwanza jaribu kwa jina la apache, akaunti ya seva ya wavuti, kama nilivyoonyesha kwa takwimu. Ikipita na ukurasa bado unagoma, ni SELinux, mlinzi wa ndani wa Linux, inayomzuia mtumishi wa wavuti asiongee na kanzidata kwa mtandao:

sudo setsebool -P httpd_can_network_connect_db on

Kuzima SELinux yote, kama ulivyoshauriwa na rafiki yako, ni kuvunja ukuta kwa sababu umepoteza ufunguo wa mlango.

*Salaam aleikum Shangazi. Niko Maskati, natumia Mac yenye chipu ya Apple. Nimefuata maelezo ya /etc/odbcinst.ini neno kwa neno na hayasomwi kabisa. — Mswahili wa Ughaibuni*

Wa aleikum salaam. Homebrew, kisakinishi cha programu, kwenye Mac hizo huweka vitu /opt/homebrew, kwa hiyo daftari lako ni /opt/homebrew/etc/odbcinst.ini. Kwenye Mac za Intel ilikuwa /usr/local/etc. Odbcinst -j itakuthibitishia. Angalia pia kama draiva ni ya arm64, yaani ya chipu hiyo yako. Na kama mtengenezaji wake anasema imejengwa kwa iODBC, usiichanganye na unixODBC: moja huhesabu herufi pana kwa baiti nne, nyingine kwa mbili, na utaona majina ya watu yamekatika baada ya herufi ya kwanza au yamekuwa vurugu tupu.

*Shangazi shikamoo. Muunganisho wangu ni mzima, asante kwa makala zilizopita. Tatizo ni ripoti ya mnada wa mifugo. Mbuzi wanatoka, kondoo wanatoka, nikiomba ng'ombe programu inakufa na kusema kuna kosa la sintaksia. Mwenzangu anasema draiva haijui Kiswahili. — Karani wa Mnada, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Draiva haijui Kiswahili wala Kiingereza, mwenzako aisingizie kitu kingine. Tatizo ni kile kijistari cha juu katika ng'. Kwa SQL, alama hiyo ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Programu yako naamini inaunganisha vipande hivi:

"select idadi from mnada where mnyama = '" + mnyama + "'"

Akija mbuzi, seva inaona 'mbuzi'. Akija ng'ombe, seva inaona 'ng' halafu neno "ombe" limening'inia nje, halafu alama nyingine isiyo na mwenzake. Inakataa, na ina haki.

Wapo watakaokwambia uziandike alama mbili pamoja, ng''ombe, na kweli itapita. Usizoee. Siku moja mtu atajaza kwenye fomu yenu kitu ambacho si jina la mnyama, ni amri ya kufuta jedwali, na programu yako itaibeba mgongoni hadi kwa seva. ODBC ina njia yake tangu zamani. Unaacha alama ya kuuliza mahali pa neno, na neno lenyewe unalikabidhi pembeni:

cur.execute("select idadi from mnada where mnyama = ?", mnyama)

Draiva inabeba ng'ombe akiwa mzima, seva haimsomi kama sehemu ya amri. Pita programu nzima ubadilishe kila mahali palipo na kujumlisha, pamoja na ile ya majina ya wafugaji, kwani Dodoma na Singida sidhani utakosa wenye ng' ndani ya jina.

Ukishabadilisha, ng'ombe wengine bado hawatatokea, na hapo usinitukane. Simu za watu huandika alama iliyopinda, ’, badala ya iliyonyooka, '. Kwa macho ni ng'ombe wale wale, kwa kanzidata ni wanyama wawili tofauti. Endesha hii uone wako mnao wangapi wa kila aina:

select mnyama, count(*) from mnada where mnyama like 'ng%' group by mnyama

Ukiona mistari miwili ya ng'ombe, chagua alama iliyonyooka, sahihisha ya zamani kwa update moja, na kwenye fomu geuza iliyopinda kabla haijahifadhiwa. Chukua nakala ya jedwali kwanza.